Paa la kuficha lenye mteremko mdogo: dhamana ya bati inalinda nini, na kifanyike nini kabla paa halijafungwa

Swali la msomaji: "Ninajenga jengo la ghorofa moja Kigamboni, mita kama 600 kutoka baharini; chini yatakuwa maduka na juu ofisi. Paa ni la kuficha, yaani limefichwa nyuma ya kuta zilizopandishwa juu yake; upana wake mita 12 na urefu mita 18, na linateremka upande mmoja kuelekea gata la nyuma. Kenchi (fremu zinazobeba paa) na papi (mbao zinazopigiwa bati) zimekamilika, na fundi ameshaanza kuezeka kwa bati za migongo mipana za geji 28, vipande vya mita 3. Kiwanda kimenipa dhamana ya miaka 15. Mhandisi aliyepita juzi amepima mteremko akapata nyuzi 4, akasema kwa mteremko huo dhamana haina kazi. Fundi anasema ameezeka nyumba nyingi namna hiyo na kwamba silikoni itamaliza tatizo. Nimsikilize nani, na dhamana yangu niiokoeje? Nimeambatanisha picha ya karatasi ya dhamana."

Jibu:

Ndugu msomaji, simamisha kazi ya kuezeka kwa siku chache. Msikilize mhandisi wako, ingawa na yeye kauli yake inahitaji kurekebishwa kidogo, kama nitakavyoeleza. Bahati yako ni kwamba mabati yaliyokwisha kupigwa ni machache, na kila unachohitaji kubadilisha bado kinafikika kwa mkono na kwa gharama ndogo. Wengi wanaoniuliza swali kama lako huniuliza wakati dari limeshachorwa ramani za maji na kila mtu aliyehusika anamnyoshea mwenzake kidole.

Kwanza tuisome hiyo karatasi, kwa sababu neno dhamana linabeba ahadi za aina mbalimbali ambazo mnunuzi huzichukulia kuwa moja. Ipo ahadi ya kwamba bati halitatoboka kwa kutu katika muda fulani. Ipo ahadi ya rangi, kwamba haitabanduka wala kupauka kupita kiwango kilichotajwa. Ipo ahadi ya fundi au mkandarasi kuhusu ubora wa kazi ya mikono yake. Na ipo ahadi ya kwamba paa zima, pamoja na maungio, kofia (bati za kufunika kingo) na gata, halitapitisha maji. Hii ya mwisho ndiyo watu wengi wanaidhani wamepewa, nayo ndiyo adimu kuliko zote, kwa kuwa kiwanda kinachoitoa hudai kupitisha michoro kabla bati halijaagizwa, huteua mafundi wake na hutuma mkaguzi wakati kazi inaendelea. Haipatikani dukani pamoja na risiti.

Karatasi uliyonitumia ni ya aina mbili za kwanza pekee. Kifungu cha kwanza kinataja kutoboka kwa kutu, cha pili kinataja rangi, na cha nne kinasema wazi kwamba uvujaji unaotokana na uezekaji hauhusiki. Kwa hiyo hata kama mteremko wako ungekuwa mkali kama wa paa la kanisa, karatasi hiyo isingekulipa senti moja kwa maji yaliyoingia ofisini. Kifungu cha tano ndicho alichokiona mhandisi: kinasema dhamana yote, ikiwemo ya kutu, inakufa ikiwa bati limeezekwa kinyume cha mwongozo wa kiwanda, na mwongozo huo haukuambatanishwa. Uombe leo, kwa sababu ndiyo sehemu kubwa ya mkataba wako na hujawahi kuiona.

Angalia pia namna fidia inavyokokotolewa. Dhamana yako inapungua mwaka hadi mwaka, yaani bati likitoboka katika mwaka wa tisa, kiwanda kinakiri miaka 6 iliyobaki kati ya 15, ambayo ni asilimia 40. Tuchukue kwamba mabati yote yalikugharimu shilingi milioni 6. Utapewa bati zenye thamani ya milioni 2.4. Gharama za kufumua, kuezeka upya, dari lililoharibika na kodi ya wapangaji waliohama zinabaki mikononi mwako. Sisemi hivi ili uidharau karatasi hiyo, kwa kuwa ahadi ya kutoshika kutu mita 600 kutoka Bahari ya Hindi ni kitu cha maana sana. Nasema ili ujue kwamba ulinzi wako dhidi ya maji utatoka kwenye mteremko, maungio na mkataba wako na fundi.

Sasa mteremko wenyewe. Nyuzi 4 maana yake ni kushuka sm 7 kwa kila mita ya mlalo, na kwa upana wako wa mita 12 tofauti kati ya juu na chini ni sm 84. Huna haja ya kumwamini yeyote katika hili. Chukua rula iliyonyooka ya mita 1, iweke juu ya papi, weka pima maji juu yake, inyanyue ncha ya chini mpaka ilale sawa, kisha pima pengo lililopo chini ya ncha hiyo. Fanya hivyo sehemu zisizopungua kumi, hasa katikati ya kenchi, kwa maana mteremko uliochorwa na mteremko uliojengwa ni vitu viwili, na mbao iliyolegea inaweza kukuletea sehemu yenye nyuzi 2 ndani ya paa linaloitwa la nyuzi 4. Andika vipimo hivyo kwenye mchoro mdogo wa paa, kwa sababu utavihitaji kwenye barua nitakayoieleza hapa chini.

Je, nyuzi 4 ni kidogo mno kwa bati? Hapa ndipo kauli ya mhandisi inapohitaji kurekebishwa. Kanuni za kimataifa za majengo zinazotumika Marekani, zinazojulikana kwa herufi IBC, zinagawa mapaa ya bati katika makundi matatu ambayo naona yanafaa kuwa kipimo popote. Mabati yanayopandiana bila gundi yoyote kwenye maungio yanahitaji kushuka angalau sm 25 kwa mita, yaani takriban nyuzi 14. Mabati yanayopandiana na kuzibwa kwa gundi ndani ya maungio yanaruhusiwa mpaka kama sm 4 kwa mita, ambayo ni karibu nyuzi 2.4. Mabati ya mshono uliosimama, ambayo kingo zake hukunjwa pamoja juu ya usawa wa maji, huruhusiwa mpaka sm 2 kwa mita, kama nyuzi 1.2. Kwa kipimo hicho, bati lako linaweza kukaa kwenye nyuzi 4, ila si kwa namna fundi wako anavyoliezeka sasa, kavu juu ya kavu. Na hata hivyo, kipimo hicho ni cha kanuni ya ujenzi. Kwa upande wa dhamana, neno la mwisho ni la mwongozo wa kiwanda kilichokuuzia, na kiwanda kina haki ya kudai zaidi ya kanuni.

Kinachonitia wasiwasi zaidi kuliko hizo nyuzi 4 ni vile vipande vya mita 3. Ili kufunika mita 12 kwa vipande hivyo, ukitoa sm 20 za kupandisha bati juu ya bati, unahitaji vipande 5 katika kila mstari, na hiyo inakupa safu 4 za maungio ya mlalo zinazokatisha urefu wote wa mita 18. Jumla ni mita 72 za maungio yaliyolala kukabiliana na maji. Kwenye paa la mteremko mkali maji hupita juu ya ungio kwa kasi na hayana muda wa kurudi nyuma. Kwenye mteremko mdogo hutulia, na pale mabati mawili yanapobanana, ule uwazi mwembamba kati yake huyanyonya maji kuyapandisha kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Upepo wa baharini ukisukuma kutoka chini, hali huwa mbaya zaidi.

Ongeza wingi wa maji. Mvua yenye kasi ya mm 100 kwa saa, ambayo katika dhoruba ya masika ya Pwani si jambo la kushangaza hata kama itadumu dakika chache, ikinyesha juu ya mita za mraba 216 inaleta lita 6 kila sekunde. Safu ya chini kabisa ya maungio, karibu na gata, inapitisha sehemu kubwa ya maji hayo. Ndiyo maana mapaa ya namna hii huanza kuvuja upande wa chini, na ndiyo maana mafundi hupoteza siku nyingi wakipaka silikoni upande wa juu ambako hakuna tatizo.

Kuhusu silikoni, naomba uniamini kwa uzoefu wa miaka mingi juu ya mapaa. Niliwahi kuitwa kwenye jengo lililoezekwa kwa mteremko kama wako, ambapo kila ungio lilikuwa limepakwa silikoni kwa nje, safu juu ya safu, kwa misimu mitatu. Tulipofungua tulikuta mambo mawili. La kwanza, silikoni ya nje ilikuwa imepasuka kila mahali, kwa sababu bati hutanuka mchana na kusinyaa usiku. Chuma cha mita 12 kikipanda joto kwa nyuzi 40 za selsiasi huongezeka karibu mm 6, na gundi iliyopakwa ukingoni haina unene wa kuvumilia mwendo huo. La pili, walikuwa wametumia silikoni ile yenye harufu ya siki, ambayo hutoa asidi inapokauka, na chini yake zinki ilikuwa imeliwa mpaka kwenye chuma. Gundi ya paa la bati huwekwa ndani ya ungio kabla bati la juu halijalala, tena iwe utepe wa butili (gundi ya aina ya mpira) unaobaki laini, na pale silikoni inapohitajika iwe ile isiyotoa asidi. Kupaka kwa nje baada ya kuezeka ni kuahirisha uvujaji, na kwa viwanda vingi ni sababu ya kutosha ya kukataa madai yako.

Una njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kuachana na vipande vya mita 3 na kuagiza bati za urefu mmoja wa mita 12 na ushee, kutoka ukingo wa juu mpaka kwenye gata. Viwanda vya Dar es Salaam hukata bati kwa vipimo vya mteja kutoka kwenye roli, na kikwazo huwa ni usafirishaji na njia ya kuingilia kiwanja. Ukifanya hivyo, zile mita 72 za maungio ya mlalo zinatoweka kabisa, na unabaki na maungio ya ubavuni ambayo yako juu ya mgongo na yanazibika vizuri kwa utepe. Ya pili ni kugeuza paa literemke pande mbili kutoka katikati, mita 6 kila upande. Kwa nyuzi 10 kilele chake kitakuwa kama mita 1.06 tu, na ukuta wa kuficha paa wenye mita 1.2 utaendelea kulificha. Kasoro yake ni kwamba unafumua kenchi, na unajiongezea gata la pili upande wa mbele, juu ya ofisi zako. Ya tatu ni bati za mshono uliosimama, ambazo ndizo hasa zilizobuniwa kwa mapaa yaliyolala, lakini ni ghali, na nisingekushauri uzitumie kama hujamwona fundi mwenye mashine ya kukunja na paa alilolifanya likiwa limepita masika mawili.

Mimi ningechukua ya kwanza, kwa sharti kwamba kiwanda kikubali nyuzi zako kwa maandishi. Kikidai nyuzi 5, usivunjike moyo: tofauti yake kwa upana wako ni sm 21 upande wa juu, na fundi mzuri anaweza kuipata kwa kuinua papi kwa vipande vya mbao vinavyopungua kimo kadiri anavyoshuka, mradi mhandisi ahakikishe vimefungwa sawasawa dhidi ya upepo. Kikidai nyuzi 10, hapo ndipo njia ya pili inaanza kustahili gharama yake. Bati za mita 3 ambazo hazijatobolewa zungumza na muuzaji azibadilishe, na kama hakubali, zitapata kazi kwenye banda la mlinzi au uzio wa muda. Usiziezeke kwenye jengo kwa sababu tu umeshazilipia.

Hiyo barua kwa kiwanda ndiyo moyo wa jibu langu. Iandike ukurasa mmoja, na usiipeleke kwa mtu wa mauzo pekee. Omba ijibiwe na mtu wa ufundi mwenye mamlaka, kwa sahihi na muhuri. Taja namba ya kiwanja, umbali kutoka baharini, aina ya bati, unene wa chuma kwa milimita, aina na uzito wa mipako, mteremko mdogo kuliko wote uliopimwa (usitaje wastani), urefu wa bati, upana wa kupandiana, gundi itakayotumika, aina na idadi ya skrubu, na umbali kati ya papi na papi. Ambatanisha mchoro wa gata na wa maungio ya ukutani. Kisha uliza maswali mawili tu: je, kwa hali hizi dhamana yenu ya miaka 15 inasimama, na kama haisimami, ni kipengele gani kibadilishwe ili isimame? Wasipojibu, usiuhesabu ukimya wao kuwa ndiyo. Rudia kwa maandishi, taja tarehe ya barua ya kwanza, na kazi ya kuezeka isubiri.

Nimesema utaje unene kwa milimita kwa makusudi. Geji ni jina la sokoni, na bati mbili zinazoitwa geji 28 kutoka maduka mawili zinaweza kutofautiana ukizipima kwa maikromita. Mipako nayo ina kipimo chake: bati la alumini na zinki lenye alama AZ150 lina gramu 150 za mipako kwa mita ya mraba, ukijumlisha pande zote mbili, na asilimia 55 ya mipako hiyo ni alumini. Tazama nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), namba ya toleo na maandishi yaliyopigwa upande wa chini wa bati, uyapige picha kabla hayajafichwa na dari. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, nayo ipige picha au uitoe nakala mapema, kwani karatasi yake hufifia. Baada ya miaka michache utabaki na kipande cheupe. Na kama fundi ndiye aliyenunua bati kwa jina lake, nenda ukabadilishiwe nyaraka sasa, maana kiwanda kinaweza kusema hakikujui.

Umbali kutoka baharini ni jambo ambalo wewe hukuliuliza, nami siwezi kuliruka. Dhamana nyingi za bati huondoa majengo yaliyo karibu na maji ya chumvi, kila kiwanda kikiwa na umbali wake, na karatasi yako inasema "maeneo ya mwambao" bila kutaja mita. Maneno legelege namna hiyo humnufaisha anayekataa kulipa. Barua yako iwalazimishe waseme kama mita 600 ni ndani au nje. Kwenye paa la mteremko mdogo chumvi na vumbi hukaa muda mrefu zaidi, na sehemu zisizopigwa na mvua, mathalani chini ya kofia za ukuta na pembeni mwa gata, huoza kwanza. Viwanda vingi hudai sehemu hizo zioshwe kwa maji baridi mara kwa mara. Waulize ni mara ngapi, na uweke kumbukumbu ya kila uoshaji.

Baadhi ya makosa ya kiwanjani hufuta dhamana hata pale mteremko ni sahihi, na mengi niliyoyaona hufanywa na watu wasio mafundi bati. Mpiga plasta akimalizia ukuta wa kuficha paa baada ya bati kuwekwa, matone ya saruji mbichi hula rangi na alumini. Kwa hiyo plasta imalizike kwanza. Kukata bati kwa grainda kunaunguza mipako kwenye ukingo na kurusha cheche za chuma zinazoganda juu ya bati na kuota kutu kabla hujahamia. Tumia mkasi wa bati au mashine ya kung'ata, na ufagie vipande vya chuma vinavyotoka kwenye tundu za skrubu kila jioni. Skrubu zisikazwe mpaka mpira ukatoka nje, wala zisiachwe legelege. Kuna wanaodhani skrubu za chuma kisichoshika kutu ni za hadhi zaidi, lakini juu ya bati la alumini na zinki, hasa karibu na bahari, metali hizo mbili hazipatani na bati ndilo linaloliwa. Fuata zile zilizotajwa na kiwanda. Mbao zenye dawa ya shaba zisigusane na bati zikiwa bado mbichi. Watu wakanyage kwenye mistari ya papi tu, kwa sababu bati likibonyea kwenye mteremko wa nyuzi 4 tayari ni dimbwi.

Na zile bati zilizorundikwa kiwanjani, zikague leo hii. Mafungu yakinyeshewa, maji hubaki kati ya bati na bati na kuacha madoa, meupe kwa zinki na meusi kwa alumini na zinki, nayo mara nyingi hayamo ndani ya dhamana. Yainuliwe kutoka ardhini, yalale kwa mwinamo, yafunikwe huku hewa ikipita, na yaliyolowa yatenganishwe na kufutwa.

Kuhusu gata la nyuma, ningependa ulitazame kama sehemu hatari kuliko paa zima, kwa sababu liko ndani ya kuta na likifurika maji hayana pa kwenda isipokuwa ofisini. Lita 6 kwa sekunde zisiachiwe bomba moja. Weka matundu mawili au zaidi ya kutolea maji, yenye ukubwa uliokokotolewa na mhandisi, na juu ya hayo toboa ukuta wa nyuma kwa tundu la dharura ambalo usawa wake uko chini ya ukingo wa bati. Siku bomba litakapozibwa na majani ya mwembe au mfuko wa plastiki, maji yatamwagika nje mbele ya macho ya watu, nawe utajua. Bati la kuziba maungio ya ukutani lichimbiwe ndani ya ukuta na lishuke juu ya bati la paa. Lisibandikwe tu kwenye plasta.

Sasa fundi wako. Simshuku nia mbaya. Anaezeka kama alivyofundishwa kwenye mapaa yenye mteremko, na huko maarifa yake ni sahihi. Lakini ahadi ya kwamba paa halitavuja inapaswa kutoka kwake au kwa mkandarasi, kwa kuwa kiwanda kimeshaikataa. Kama una mkandarasi aliyesajiliwa na CRB (Bodi ya Usajili wa Makandarasi) na mkataba wa maandishi, tazama kipindi cha matazamio, yaani muda ambao anawajibika kurekebisha kasoro. Mara nyingi ni miezi 12, na hiyo inatosha kupitisha masika moja, Machi hadi Mei, na vuli moja, Oktoba hadi Desemba. Hakikisha sehemu ya malipo inazuiliwa mpaka misimu hiyo ipite. Kama ni fundi wa makubaliano ya mdomo, andikianeni sasa, kabla hajarudi juu: mteremko uliokubaliwa, bati za urefu mmoja, utepe wa butili kwenye kila ungio, skrubu zilizotajwa, muda wake wa kurudi kurekebisha bila malipo, na kiasi kitakachobaki mkononi mwako. Mlipe pia kwa haki siku za kusubiri na kazi ya kufumua zile bati chache, kwani mchoro haukumwambia alichopaswa kujua. Fundi aliyedhulumiwa harudi masika yakianza.

Mhandisi wako aje mara tatu na kila mara aandike: papi zikiwa wazi na mteremko umepimwa, mistari michache ya kwanza ikiwa imewekwa na gundi inaonekana, na gata pamoja na maungio ya ukutani yakiwa yamekamilika. Ripoti hizo, picha zake na barua ya kiwanda viwe faili moja. Endapo siku moja mtabishana na kiwanda, karatasi ya miaka 15 peke yake haitatosha. Utaulizwa uthibitishe kwamba paa lilijengwa kama mlivyokubaliana, na uthibitisho huo hukusanywa wakati wa ujenzi tu.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho na kabla dari halijapigwa, lijaribu paa kwa maji. Ziba matundu ya gata, ulijaze mpaka karibu na usawa wa tundu la dharura, na uliache kwa saa 24 huku mtu akikagua chini kwa tochi. Kisha panda na mpira wa maji, uanze kumwagia upande wa chini na kupanda polepole, ungio kwa ungio, ili ukiona tone ujue limetoka wapi. Zoezi hilo linachukua siku mbili, na matone yatakayoonekana yatazibwa wakati fundi bado yuko kiwanjani na fedha zake bado ziko kwako.

Baada ya hapo, mtu yeyote asitoboe paa bila ruhusa yako ya maandishi. Maduka na ofisi vitahitaji viyoyozi, tangi la maji, pengine na paneli za sola, na kila anayekuja kufunga hubeba drili yake mwenyewe. Mabomba ya shaba ya viyoyozi yasilale juu ya bati, wala maji yanayodondoka kutoka kwenye mabomba hayo yasiachiwe kutiririkia juu yake, kwa sababu maji yaliyopita kwenye shaba hutafuna bati la zinki na alumini mahali pale pale yanapopita. Yaelekeze moja kwa moja kwenye bomba la plastiki linaloshuka nje ya ukuta, na vishikizo vyote vya mashine vifungwe kwenye ukuta au kwenye nguzo zake, mbali na bati.